Kesi ya Encinitas: yoga ya shuleni ilipofikishwa mbele ya jaji

Wanawake ninaowafundisha mazoezi hapa Tanga hawaanzi na habari za mgongo wala magoti. Kabla mkeka haujakunjuliwa, wanauliza habari ya imani. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mwalimu, nataka mazoezi, lakini hii yoga haitanitia kwenye shirki?" Wiki ileile mwingine, mama wa kanisani, alinivuta pembeni: "Dada, mimi nimeokoka. Nisije nikajifungulia mlango wa mapepo kwa sababu ya kiuno."

Mtu anayeuliza hivyo anaijali dini yake. Kumjibu "ni mazoezi tu, usiwe na wasiwasi" ni kumkosea heshima, kwa sababu wasiwasi wake una msingi. Yoga haikuzaliwa kwenye ukumbi wa mazoezi. Ndiyo maana nimekuwa nikiisoma na kuirudia kesi moja ya California, iliyofunguliwa mwaka 2013 na kumalizika kwenye rufaa mwaka 2015. Ninavyoiona mimi, hakuna mahali swali la wanafunzi wangu lilipochambuliwa kwa utulivu zaidi: watu waliapishwa, ushahidi ukatolewa, na jaji akalazimika kusema kipi ni ibada na kipi ni mazoezi.

Encinitas ni mji mdogo wa pwani, kaskazini ya San Diego. Si mji wowote tu kwa mambo ya yoga. Paramahansa Yogananda, Mhindi aliyekwenda Marekani kufundisha mafunzo ya kiroho, aliishi hapo kwenye makao yaliyojengwa juu ya genge la bahari, na hadi leo wacheza mawimbi wanaliita eneo la bahari lililo chini yake Swami's. Mwaka 1975 alifika hapo K. Pattabhi Jois, mwalimu kutoka Mysore, kusini mwa India, aliyekuwa akifundisha mtindo unaoitwa Ashtanga: mikao inayofuatana bila kukatika, kila mjongeo na pumzi yake. Jois alifariki mwaka 2009. Baada ya hapo ikaanzishwa taasisi yenye jina lake, ikifadhiliwa na familia tajiri ya Marekani iliyouhusudu mtindo huo, kwa lengo la kupeleka yoga mashuleni.

Mamlaka ya shule za msingi ya Encinitas ilikuwa na shule 9 na wanafunzi zaidi ya 5,000. Majaribio yalianza kwenye shule moja mwaka 2011. Mwaka uliofuata taasisi ile ikatoa msaada wa dola 533,720 na yoga ikaenea shule zote. Mkurugenzi wa shule hizo, Timothy Baird, aliieleza kama sehemu ya mpango wa afya, pamoja na lishe na bustani: watoto wapate nguvu, wepesi wa viungo, na namna ya kujituliza wanapokuwa na hofu au hasira. Sheria ya California inataka mtoto wa shule ya msingi apate dakika 200 za mazoezi ya viungo katika kila siku 10 za masomo. Yoga ilichukua sehemu ya dakika hizo, vipindi viwili vya nusu saa kwa wiki.

Hadi hapo hakuna ubaya. Shida ilikuwa kwenye vitu vilivyoingia darasani pamoja na mikao.

Wazazi walianza kusikia mambo kutoka kwa watoto wao, na wengine walikwenda kujionea. Mikao ilitajwa kwa majina ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Watoto walipewa wapake rangi mandala, michoro ya duara inayotumika kwenye tafakuri za dini za India. Kulikuwa na bango lenye mti wa Ashtanga, na hapa inafaa nisimame kidogo, maana bango hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Neno ashtanga lina maana ya viungo vinane. Matawi ya mti ule ni hatua nane: maadili, nidhamu ya nafsi, mikao ya mwili, pumzi, na kuendelea hadi la mwisho, samadhi, ambalo ni kuzama na kuungana na kile ambacho mwenye imani hiyo anakiona kuwa ndicho ukweli wa juu kabisa. Mikao ni tawi moja tu. Anayelitazama bango hilo kwa makini anaelewa kwamba mazoezi ya mwili ni ngazi, na juu ya ngazi kuna mlango wa kiroho. Mzazi Mkristo au Mwislamu aliyeliona ukutani na kushtuka hakuwa mjinga.

Malalamiko yalipopamba moto mwishoni mwa mwaka 2012, mamlaka ya shule ilifanya jambo ambalo wasimuliaji wengi wa kesi hii hulipita haraka. Ilibadilisha somo. Kisanskriti kikaondolewa. Bango likaondoka, na mandala pia. Mkao wa kukaa kitako miguu imepandana, ambao kwa wanayoga una jina la ua la yungiyungi na picha zake zimejaa kwenye masanamu ya India, ukapewa jina la kitoto ambalo walimu wa chekechea wa Marekani hulitumia kila siku kuwaketisha watoto sakafuni, "criss-cross applesauce", jina lenye tofaa za kupondwa ndani yake. Mikao inayofuatana iitwayo "salamu kwa jua" ikawa mfululizo wa kufungulia kipindi, basi.

Tuutazame huo mfululizo wenyewe, kwa sababu ndio uliolalamikiwa zaidi. Unasimama wima, nyayo zimegusana. Unavuta pumzi huku mikono ikipanda juu. Unaitoa huku ukiinama hadi vidole viguse sakafu, au magoti, au popote vinapofika. Unarudisha miguu nyuma, mwili unanyooka kama ubao, unajishusha taratibu kwa mikono. Unainua kifua. Kisha unapandisha makalio juu, viganja na nyayo chini, mwili unakuwa kama paa la nyumba, na hapo unatulia kwa pumzi 5. Unarudi mbele na kusimama. Ukifanya mara 5 jasho linakutoka, mabega yanatetemeka, misuli ya nyuma ya mapaja inalalamika. Hayo ni mazoezi, na mtu yeyote aliyeyafanya atasema hivyo. Lakini jina lake la asili, Surya Namaskara, linamtaja Surya, na Surya kwa Wahindu ni mungu jua. Wazazi walisema mahakamani: mtoto wangu anafundishwa kuinamia jua.

Februari 2013 wazazi wawili, kwa niaba ya watoto wao, walifungua kesi. Hawakudai fidia. Walitaka somo lisimamishwe, kwa hoja kwamba shule ya serikali inaeneza dini, kinyume cha katiba. Walilalamika pia kwamba mtoto anayeondolewa kwenye kipindi cha yoga anapungukiwa na dakika zake za mazoezi. Upande wa pili, pamoja na mamlaka ya shule, waliingia wazazi wengine waliotaka yoga iendelee.

Shahidi mkuu wa walalamikaji alikuwa Candy Gunther Brown, profesa wa masomo ya dini wa Chuo Kikuu cha Indiana. Hoja yake ni ya kina, na naona haistahili kupuuzwa. Alisema sisi tuliozoea dini za maandiko tunaitafuta dini kwenye maneno: shahada, kanuni ya imani, mahubiri. Zipo dini ambazo mwili wenyewe ndio unaosali. Kwa hiyo kuondoa maneno si lazima kuwe kumeondoa dini. Na kweli Jois mwenyewe alikuwa akifundisha kwamba mtu aanze na mazoezi ya mwili, mengine yatakuja yenyewe.

Jaji John Meyer alitoa hukumu tarehe 1 Julai 2013. Alikubali kwamba yoga ina mizizi ya dini. Lakini swali lililokuwa mbele yake halikuwa yoga ni nini duniani kote tangu enzi na enzi. Lilikuwa: hiki kinachofundishwa kwenye shule hizi 9, je, ni dini? Akatumia kipimo kilichotokana na kesi ya mwaka 1971 iitwayo Lemon, chenye maswali matatu. Je, serikali ina lengo la kidunia, lisilo la dini? Je, matokeo makuu ya jambo hili ni kuiendeleza au kuizuia dini? Je, serikali imejifunga mno na taasisi ya dini? Akaona lengo ni afya ya watoto. Akaona mtoto anayekaa darasani mle hawezi kuona dini inahubiriwa, anaona mazoezi, kama anavyoona mchezo wa kukwepa mpira. Aliwalaumu walalamikaji pia kwa kutegemea mno mambo yaliyookotwa kwenye intaneti.

Walikata rufaa. Tarehe 3 Aprili 2015 majaji watatu wa mahakama ya rufaa waliikubali hukumu ile kwa kauli moja: yoga inaweza kuwa ibada mahali fulani, lakini kwa namna inavyofundishwa katika shule hizo haina pambo lolote la dini wala la kiroho.

Wengi wakisimulia kesi hii husema wazazi walishindwa. Kwa karatasi, ndiyo. Lakini hebu tujiulize majaji waliipitisha yoga ipi. Si ile ya bango la mti na mandala. Waliipitisha yoga iliyokwisha kuchujwa, na iliyochuja ni sauti ya wazazi haohao. Kama wasingelalamika, huenda kesi ingefika mahakamani na bango likiwa bado ukutani, na sina hakika hukumu ingekuwa ileile. Watu hawa walipoteza kesi lakini walilitengeneza darasa, na ningependa walimu wa yoga tuwashukuru badala ya kuwaona maadui wa afya.

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipojirekebisha. Zamani nilikuwa nikitegemea nia. Sisi wa pwani tumelelewa hivyo, kila amali na nia yake. Mama anayedeki sakafu anainama kama anayerukuu, na hakuna atakayesema amerukuu. Mkao wa mtoto, ule wa kupiga magoti na kulaza paji la uso kwenye mkeka, kwa macho unafanana na sijda, ila hauna nia ya sijda wala hauelekezwi kokote. Hoja hii ni nzuri, na bado ninaisema. Kesi ya Encinitas imenionyesha upungufu wake. Mtoto hawezi kuiona nia iliyo moyoni mwa mwalimu. Anaona bango. Anasikia neno. Kama nia yangu ni mazoezi lakini nafungua kipindi kwa om na kukifunga kwa namaste viganja vikiwa kifuani, aliye mbele yangu ana haki ya kuamua kwa kile anachokiona. Om ni sauti takatifu kwa Wahindu. Namaste kwao ni salamu ya kawaida, kama shikamoo yetu, lakini kwenye madarasa ya yoga imeshapewa tafsiri ya kiroho ambayo hata Mhindi wa kawaida haiwazi anapomsalimia jirani.

Jambo la fedha nalo. Anayelipa huwa na neno. Dola 533,720 hazikutoka kwa taasisi ya mpira wa miguu, zilitoka kwa wapenzi wa mwalimu mmoja na mtindo wake, na hilo peke yake lilitosha kuwatia watu shaka. Mahakama iliona kwamba mamlaka ya shule ndiyo iliyoshika usukani wa somo, kwa hiyo haikujifunga mno. Nakubaliana na hukumu, lakini kama ningekuwa mzazi ningeuliza swali hilohilo. Hapa kwetu mafunzo mengi ya yoga hutolewa kwa ufadhili au na wageni wanaopita. Ni halali kabisa kumwuliza anayefadhili anataka nini.

Wapo wanaolalamika kutoka upande wa pili, na wana haki ya kusikilizwa. Baadhi ya Wahindu nchini Marekani wanasema yoga ikiondolewa Kisanskriti, asili na maana, imeporwa. Nawaelewa. Ndiyo maana sioni sawa kuficha ilikotoka. Lakini historia yenyewe imechanganyika kuliko inavyosemwa. Miaka ya 1930 Krishnamacharya, ambaye ndiye aliyemfundisha Jois, alikuwa akifundisha kwenye kasri la Mysore kwa udhamini wa maharaja, katika zama ambazo India nzima ilikuwa na hamu kubwa ya mazoezi ya kujenga mwili. Raja wa Aundh, mtawala wa dola ndogo huko India, alikuwa akiieneza salamu kwa jua kama mazoezi ya afya kwa kila mtu. Yaani ile sura ya mazoezi tunayoiona leo haikuanzia California, ilikuwa imeshaanza huko India kabla ya mtoto yeyote wa Encinitas kuzaliwa.

Na waliolitafakari swali hili hawakuwa Wamarekani peke yao. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, na mafunzo ya kiroho. Januari 2009 baraza la maulamaa la Indonesia lilikataza yoga yenye ibada na mantra za Kihindu, likaacha ile ambayo ni mazoezi matupu. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Kwa upande wa Wakatoliki, barua ya Vatikani ya mwaka 1989 kuhusu tafakuri ya Kikristo iliwaonya waumini wasichanganye sala na mbinu za Mashariki, bila kuzikataa zote. Alabama, jimbo la Marekani lililopiga marufuku yoga mashuleni tangu 1993, liliilegeza marufuku hiyo mwaka 2021 kwa masharti: mikao itajwe kwa Kiingereza, mantra zisiwepo, na neno namaste lisitamkwe. Ukiyaweka hayo pamoja na hukumu ya Meyer, unakuta watu wa dini na sheria tofauti, wasiojuana, wamechora mstari karibu palepale.

Mawakili watasema kipimo cha Lemon kimeshawekwa kando na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2022, na ni kweli. Kesi ya yoga ikifunguliwa leo itabishaniwa kwa lugha nyingine. Mimi si mwanasheria, na maswali yale yananifaa hata bila muhuri.

Mahakama haikuulizwa kama yoga inafaa mwilini, kwa hiyo tusiipe ushahidi ambao haukutolewa. Hilo lina tafiti zake. Huko Boston, watu wazima 320 wenye maumivu sugu ya mgongo, wengi wao wa kipato cha chini, walifuatiliwa kwa wiki 12 katika utafiti uliochapishwa 2017. Waliohudhuria darasa la yoga lililopangwa kwa ajili ya mgongo hawakuwa nyuma ya waliotibiwa na wataalamu wa viungo. Ni nafuu ya kiasi, si muujiza, na ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wangu.

Kwangu mambo yamekaa hivi sasa. Karatasi ya mlangoni bado ina neno yoga. Nilifikiria kuandika "mazoezi ya viungo na pumzi", nikaona nitakuwa nimeficha, na mtu akija kugundua baadaye atajiona amedanganywa. Anayekuja mara ya kwanza namweleza yoga ilikotoka na kipi nimekiacha nje. Hakuna om, hakuna namaste, hakuna sanamu wala picha. Mikao tunaitaja kwa Kiswahili: mlima, paa, daraja, mtoto. Mwishoni tunalala chali dakika 5 kimya, na atakayetaka kuzitumia dakika hizo kwa dhikri yake au sala yake ni juu yake.

Yule mama aliyeokoka alirudi, na kiuno chake kinaendelea vizuri. Anafanya kila kitu isipokuwa kimoja. Mfululizo unapofika mahali pa kukutanisha viganja mbele ya kifua, yeye huteremsha mikono na kuishika kiunoni, anangoja pumzi ipite, kisha anaendelea na wenzake.

Mara ya kwanza nilikwenda kumrekebisha. Siku hizi nawaonyesha wanafunzi wapya njia zote mbili, ya viganja na ya kiunoni, na wengine wawili wamechagua ya kwake.